Kabla ya Kuilaumu Bunduki

Niliahidi kuandika juu ya kuandaa mabomba ya kupulizia dawa kabla ya masika. Ahadi ni deni, na nitalilipa humu humu. Lakini leo naomba nianzie mbali kidogo, kwenye bunduki tatu za upepo za mzee mmoja wa kata ninayoifanyia kazi, Korogwe. Jambo alilonifundisha kuhusu kupima chombo sikulipata darasani nilipokuwa nasoma stashahada, na tangu siku ile nimebadili namna ninavyokagua mabomba yenu na mizani zenu.

Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2023. Nilikuwa ofisi ya kijiji naandika orodha ya mbegu, akaingia mama mmoja na ndoo ya plastiki ya bluu. Akaiweka mezani kwa mtendaji wa kijiji bila salamu. Ndoo ilikuwa na tundu ubavuni, dogo, kama limetobolewa kwa msumari wa bati.

"Mwanangu alikuwa ananawa hapo," alisema. "Alikuwa ameinama. Angesimama, je?"

Hakuna aliyeuliza nani. Kijijini pale ni mzee mmoja tu mwenye bunduki za upepo, na stoo yake ya mahindi inatazamana na uwanja wa yule mama. Mtendaji akashika simu apige polisi. Mama akamzuia. Alisema yule mzee alimbeba mgongoni akiwa mtoto na hataki kumwona anapandishwa gari. Alichotaka ni mtu wa kwenda kuzungumza naye kwanza. Wote wawili wakanigeukia mimi.

"Nenda wewe, bwana shamba. Wewe anakusikiliza, unamtengenezea bomba lake."

Nikaenda.

Bunduki imechoka

Nilimkuta mzee amekaa barazani. Nikamwamkia, tukaulizana hali, nikamweleza habari ya ndoo. Alinyamaza kwa muda. Hakukataa. Alisema alimlenga panya ukutani mwa stoo, juu, pale tofali linapokutana na bati. Punje ikapita kwenye upenyo na kutoka nje. Kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia mara mia kwa wakulima, ila si kuhusu bunduki:

"Chombo kimechoka, mwanangu. Springi imelegea. Nitafutie springi mpya Dar, nitakupa hela."

Nikamwambia springi tutaitafuta, ila kwanza naomba kuziona bunduki zenyewe.

Kwa asiyeijua, bunduki ya upepo haitumii baruti. Ndani kuna springi nene na pistoni. Ukiikoki, springi inabanwa. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni, pistoni inaisukuma hewa, na hewa inaitoa punje ndogo ya risasi mtutuni. Ukilifungua bomba lako la kupulizia dawa utakuta ndugu yake mle ndani: pistoni, washa, na hewa au maji yanayosukumwa. Ndiyo maana mzee aliona mtu wa mabomba anaweza kumsaidia.

Mzee alikuwa fundi mitambo katika shamba la mkonge. Bunduki zake alizinunua miaka ya 1970 kwa meneja aliyekuwa anarudi kwao, na zote tatu zina karatasi zake za polisi, ambazo huzitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Moja ni Diana namba 27 ya Ujerumani, ya kipenyo cha milimita 4.5. Ya pili ni BSA Meteor ya Uingereza, milimita 5.5, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1959. Hizo mbili unakunja mtutu chini ndipo zinakokiwa. Ya tatu ni BSA Airsporter, ambayo mtutu wake haukunjwi. Ina mkono wa chuma chini yake ndio unaovutwa.

Nitasema mapema, wasije wengine wakanunua kwa kusoma makala hii. Kutokuwa na baruti hakuifanyi bunduki ya upepo kuwa mchezo. Inatoboa ndoo, na inatoboa jicho. Usinunue, usirithi wala usiazime silaha ya aina yoyote kabla ya kwenda kituo cha polisi kuuliza sheria inasemaje. Na ndege, tumbili na ngedere ni wanyamapori. Wakikusumbua shambani, njia ni kutoa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya, si kuwafyatulia.

Matunzo yake ya kila msimu

Nilitegemea kukuta bunduki zenye kutu. Nilikuta vyombo vinavyong'aa kuliko pikipiki yangu ya serikali.

Mzee huzitunza mara mbili kwa mwaka: Machi kabla ya masika, na Oktoba kabla ya vuli. Unyevu wa huku kwetu unakula chuma usiku kucha, na anasema kutu haisubiri mtu apate nafasi. Utaratibu wake nauandika kama alivyonionyesha, kwa sababu ni utaratibu wa fundi.

Kwanza anahakikisha bunduki haina punje na haijakokiwa. Hilo analifanya hata kama aliifanya jana.

Pili, anashika bisibisi na kukaza skrubu zinazoshikilia kitako cha mbao. Springi inapofyatuka inatikisa bunduki nzima, na skrubu hulegea polepole bila mwenye bunduki kujua. Anaanza na hilo kwa kuwa ni ugonjwa wa kawaida kuliko yote na dawa yake ni bure.

Tatu, anapitisha kitambaa safi cha pamba ndani ya mtutu kwa uzi, kutoka upande wa nyuma kwenda mbele, mpaka kitoke bila weusi. Hatumii waya wala msasa. Mtutu una mifereji ya kuizungusha punje, na ukiikwaruza humwoni tena fundi wa kuirudisha.

Nne, washa. Diana yake ina washa ya ngozi, na ngozi ikikauka husinyaa na kupitisha hewa. Anadondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye tundu la hewa, anaifunga, kisha anaisimamisha usiku mzima mtutu ukitazama juu ili mafuta yashuke yakailowe ngozi. Matone mawili tu. Nikamuuliza kwa nini asitie kijiko kizima, akacheka.

"Injini ya dizeli ina plagi?"

"Haina, mzee."

"Inawashwa na nini?"

"Hewa ikigandamizwa inapata moto, unawasha mafuta."

"Basi na humu ni hivyo hivyo."

Kweli, mafuta yakizidi yanalipuka ndani ya bunduki. Utasikia kishindo kikubwa na kuona moshi, mtu akadhani bunduki yake imepata nguvu, kumbe anaua springi na washa.

Tano, anaangalia kama hewa inavuja pale mtutu unapokutana na mwili wa bunduki. Anaweka kipande chembamba cha karatasi ya chooni juu ya kiungo hicho na kufyatua punje kwenye mfuko wa mchanga. Karatasi ikitulia, kiungo ni kizima. Ikiruka, washa ya kiungo imekwisha.

Sita, anafuta chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, maana jasho la vidole ni chumvi, na chumvi ni mama wa kutu.

Na ana miiko mitatu. Hafyatui bunduki tupu, kwa kuwa pistoni ikikosa hewa ya kuizuia inagonga chuma kwa chuma. Haiachi imekokiwa, kwa kuwa springi iliyobanwa muda mrefu hupoteza nguvu. Na wakati wa kuweka punje kwenye bunduki ya kukunja, mkono mmoja hauachi mtutu kamwe, kwa kuwa ukichomoka unarudi kwa nguvu na unaweza kukata vidole. Akimaliza ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maana punje zile ni madini ya risasi, na risasi ni sumu.

Nilipomaliza kuona yote hayo nilijua kwamba kama springi imechoka, haikuchoka kwa uzembe.

Kaunta buku

Ndipo akaniletea kitu ambacho natamani kila mkulima awe nacho: kaunta buku. Kila baada ya matunzo, kila bunduki anaijaribu shabaha na matokeo anayaandika.

Jaribio lake ni hili. Anapima mita 10 kwa kamba yenye mafundo. Huo ndio umbali wa mashindano ya bunduki za upepo ya Olimpiki tangu mwaka 1984, ambako katikati ya shabaha, penye pointi 10, ni nukta ya nusu milimita. Mzee hana habari na Olimpiki. Yeye anachora duara la mkaa kwenye karatasi na kuibandika juu ya boksi lililojazwa mchanga na matambara. Hatumii ubao mgumu wala bati, kwa sababu punje ikigonga kitu kigumu inaweza kurudi ilikotoka. Nyuma ya boksi ni kichuguu. Watoto na kuku wote wanatolewa upande ule.

Anafyatua punje tano. Kisha anachukua rula na kupima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, katikati ya tundu kwa katikati ya tundu. Namba hiyo ndiyo anaiandika.

Alinieleza jambo moja ambalo naomba ulishike, litakusaidia mbele. Matundu matano yakikaa pamoja lakini pembeni ya duara, bunduki ni nzima. Kilengeo ndicho kimesogea, na kukirudisha ni kazi ya dakika. Lakini matundu yakitawanyika huku na huku, usiguse kilengeo, maana hujui unakirekebisha kuelekea wapi. Hapo kuna kitu kimelegea, kimechafuka au hakitulii, na lazima ukitafute kwanza.

Nikaanza kufunua kurasa. Diana, Machi 2008: milimita 13. Oktoba 2012: milimita 15. Machi 2016: milimita 22. Machi 2019: milimita 34. Oktoba 2022: milimita 61.

"Umeona?" akasema. "Imekufa polepole."

Nikafunua kurasa za Meteor. Mwaka 2008, milimita 16. Mwaka 2016, 25. Mwaka 2022, 66. Nikafunua Airsporter. Hadithi ni ile ile: ilianza na 14, ikaishia 63.

Hapo nikatulia. Bunduki tatu. Viwanda viwili, nchi mbili, mitambo ya aina mbili. Moja anaitumia kila wiki, nyingine anaitoa kwa ajili ya jaribio tu. Zote zilikuwa nzima mwaka 2008, zote zikaanza kuumwa kati ya 2012 na 2016, na zote zimezidiwa kwa kiwango kile kile. Ng'ombe watatu wa maboma matatu hawawezi kuugua siku moja bila kuwa wamekunywa kisima kimoja.

Nikajiuliza kisima cha bunduki hizi ni kipi. Punje? Hapana, alibadilisha aina ya punje mara mbili na ameandika. Mafuta? Ni yale yale tangu zamani. Kitu kimoja tu kilikuwa kinazigusa zote tatu, nacho kilikuwa kimekaa mbele yangu kikikunja macho ili kusoma mwandiko wake chenyewe.

Sikusema. Kumwambia mtu wa umri wa baba yako kwamba haoni, ukiwa umebeba malalamiko ya jirani, ni kumpiga mara mbili. Nikamwambia tu, "Mzee wangu, kabla hatujanunua springi, tutafute mtu mwingine azijaribu. Tukishajua, tutatumia hela vizuri."

Akakubali. Fundi hakatai kipimo.

Siku ya jaribio

Mimi sina kibali cha silaha na sikugusa kifyatulio. Nilimwomba ofisa wanyamapori wa wilaya, kijana wa rika langu ambaye silaha ni sehemu ya kazi yake. Tulitoa taarifa kituo cha polisi, mtendaji wa kijiji akawepo, na yule mama mwenye ndoo tukamkaribisha. Alikuja. Alikaa mbali, mtoto kampakata.

Ofisa akaketi, akaegemeza Diana juu ya mfuko wa mchanga, akaikaza begani kama alivyofundishwa kwa bunduki kubwa, akafyatua tano. Tukapima: milimita 58.

Mzee akanigeukia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa heshima. "Springi," alisema.

Nami kwa kweli nilishangaa. Nilianza kufikiri nimemkosea mzee wa watu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameona kitu. Macho hayaoni karatasi, ila alimwona kijana alivyokaa, na masikio yake yaliusikia mlio.

"Umeikaba," akamwambia. "Hii si bunduki ya nyati, mwanangu. Ukiikaba inakasirika. Toa mfuko chini yake. Weka mkono wako juu ya mfuko, na bunduki ilaze kwenye kiganja. Usiibane. Ishike kama unavyoshika kifaranga. Iache iruke inavyotaka."

Baadaye nilielewa sababu. Ndani ya bunduki ya springi pistoni nzito inaruka mbele, kwa hiyo bunduki inasukumwa nyuma. Pistoni ikifika mwisho na kusimama ghafla, bunduki inavutwa mbele. Purukushani hiyo inaanza wakati punje bado imo mtutuni. Ukiishika kwa nguvu, kila mara unaishika tofauti kidogo, na kila mara inaruka tofauti. Ukiishika kwa wepesi, inaruka vile vile kila mara, na punje zinakwenda mahali pamoja.

Ofisa akafanya kama alivyoambiwa. Akafyatua tano tena, taratibu. Nikaifuata karatasi na kuipima mara mbili kabla ya kusema.

Milimita 15.

Akachukua Meteor: milimita 18. Airsporter: milimita 15. Bunduki zile zilikuwa karibu sawa na zilivyokuwa mwaka 2008.

Mzee akaomba karatasi ya Diana. Akaisogeza karibu na uso, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Hili tundu moja ni kubwa," akasema. "Nyingine zimekwenda wapi?"

"Zote zimo humo, mzee. Ni tano. Zimekaa pamoja."

Hakuna aliyesema kitu. Kidole chake kilirudi tena kwenye lile tundu, kikalizunguka ukingo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya mkonge:

"Basi siyo springi."

Aliinuka, akaenda pale alipokaa yule mama, akamwambia mbele yetu sote: "Nilikuwa naona, binti yangu. Mimi nilidhani naona." Mama akalia. Mtoto akashangaa wakubwa wana nini.

Jioni ile ile alinipa kaunta buku na kalamu, akaniambia niandike kwa niaba yake. Chini ya tarehe nikaandika namba tatu za siku ile. Akaniambia niongeze neno. Nikauliza neno gani. Akasema: "Andika, bunduki nzima, macho."

Wiki iliyofuata bunduki zote tatu zilipelekwa kituo cha polisi zihifadhiwe, na yeye mwenyewe akazisindikiza. Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji na anaona vizuri zaidi. Bunduki hajakwenda kuzichukua. Nilipomuuliza alisema anafikiri. Stoo yake tumeiziba mianya, miguu yake tumeivisha vipande laini vya bati panya wasipande, mahindi yamo kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na paka wawili wanafanya kazi waliyozaliwa nayo. Na ukweli niseme, hata kabla ya ile ndoo, kufyatua risasi ndani ya stoo ya chakula halikuwa jambo sahihi, na nilipaswa kumwambia siku nyingi. Nilimwonea haya. Hilo ni kosa langu, nalibeba.

Sasa mabomba na mizani

Kila msimu mkulima ananiambia: "Bwana shamba, dawa ya mwaka huu ni feki, wadudu hawafi." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi hatujapima chombo, wala hatujapima mkono unaokishika. Tukaanza kwa kulaumu tusichokiona.

Kabla ya masika, fanya hivi na bomba lako.

Lifungue, lioshe kwa maji na sabuni, osha na chujio. Itazame washa ya pistoni, ya ngozi au ya mpira. Imekauka, imepasuka? Badilisha. Kaza viungo vyote. Nozeli, yaani mdomo wa bomba, isafishe kwa mswaki wa zamani. Usiichokonoe kwa waya, utaupanua mdomo wake kama vile kukwaruza mtutu, na usiipulize kwa mdomo wako, utalamba sumu.

Kisha jaribu chombo. Tia maji matupu, pampu, kinga yanayotoka kwenye nozeli kwa dakika moja, pima. Fanya mara tatu. Linganisha na nozeli mpya ya aina hiyo hiyo. Ya zamani ikitoa zaidi ya mpya kwa sehemu moja ya kumi au zaidi, imelika. Inunue nyingine, ni bei ndogo kuliko dawa unayomwaga bure.

Halafu jaribu mkono. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Tia maji yenye kipimo unachokijua, pulizia eneo lile kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Yaliyotumika zidisha kwa 40, utapata maji ya ekari moja. Ukitumia lita 2.5, ekari itataka lita 100, yaani zaidi kidogo ya mabomba sita ya lita 16. Sasa mpe mwanao au kibarua bomba lile lile, eneo lile lile. Yeye akitumia lita 4, bomba halijabadilika. Aliyebadilika ni mtu. Ukimpa kiasi chako cha dawa kwa kila bomba, ekari nzima itapata dawa kupita kipimo.

Kwa wafanyabiashara wenye mizani: kanuni ni ile ile ya matundu matano. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pima ndoo tupu, kisha itie lita 20 ulizozipima vizuri, ipime tena. Tofauti iwe kilo 20. Rudia mara tano. Mizani ikikosea kwa kiasi kile kile kila mara, huenda sifuri imehama. Ikitoa jibu tofauti kila mara, kuna kitu kimelegea au kimelika ndani. Kwa yote mawili usiirekebishe kienyeji, ipeleke kwa Wakala wa Vipimo, na hata isipokosea ihakikiwe kila mwaka kama sheria inavyotaka. Na hakikisha msomaji wa mizani anaiona namba. Mkulima anayekuuzia ufuta hana njia ya kujua kama kilo zake zimeliwa na springi au na macho yako.

Yote uyaandike. Daftari la mzee ndilo lililoniambia ukweli kabla sijathubutu kuufikiria. Bila zile namba za tangu 2008 tungenunua springi, tungeifunga, na mwezi unaofuata ndoo nyingine ingetobolewa, au tungekuwa tunazungumza habari mbaya kuliko ya ndoo.

Kikundi chetu kina mabomba sita. Tangu mwaka ule mzee ndiye mkaguzi wake, Machi na Oktoba. Analishika bomba, analipampu huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Mara nyingi anataja ubovu kabla sijalifungua. Akimaliza anamwambia mwenye bomba: "Hili zima. Sasa tukupime na wewe."

Yeye mwenyewe amekubali kupimwa. Sisi tunakataa kwa sababu gani? Masika yanakaribia, toeni mabomba stoo. Mwenye swali anikute ofisini siku ya gulio.